Sahani Niliyoirudisha Tupu

Miaka ya tisini, nikikaa Mji wa Kale, niliwahi kumvunjia mtu heshima kwa kosa la mtu mwingine kabisa. Hadi leo nashangaa: hasira huendaje kugonga nyumba isiyo yake?

Jirani yangu wa dirisha kwa dirisha alikuwa mama mtu mzima. Mimi kwetu Malindi. Mombasa sikuwa na mtu ila yeye, maana mume wangu alikuwa kazini Maskati. Mfereji ukikauka, ndoo ya maji hutoka kwake. Nikienda Makupa, mwanangu humwachia yeye.

Ramadhani moja akaniletea sahani ya kaimati tamu za kufuturia. Kwetu, sahani ya jirani huirudishi hivi hivi. Hata kama huna kitu, utatia tende mbili, au kijiko cha sukari. Ukiirudisha tupu umemwambia: chakula chako sikitaki, nawe pia sikutaki.

Nikazihesabu zile kaimati. Nne! Nikawaka. Hee, nne, na sisi tuko wawili? Kwani tumekuwa ombaomba? Kesho yake nikaisugua sahani, nikavuka kichochoro, nikampa mkononi, tupu, nyeupe pe. Akaitazama, akanitazama, akasema, "Ahsante, mwanangu." Nilirudi nikijiona nimeshinda.

Siku tatu dirisha lake halikufunguliwa. Nami mtu wa kupenda kujua, nikaanza kujipeleleza. Ikiwa nimeshinda, mbona kila saa nalichungulia dirisha lake? Mbona mwaka jana aliniletea tatu nikamwombea dua? Nilichopata ni woga kwamba nimempoteza.

Siku ya nne, baada ya alasiri, nikasikia hodi. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Nimekuja kutaka radhi, mwanangu. Sitaki kufunga na huku una kinyongo nami."

"Radhi ya nini, mama?"

"Wallahi sijui. Wewe ndiye ujuaye."

Nikataka kumtajia kaimati, nikaona haya hata kuinua uso. Kilichonitoka kinywani mimi mwenyewe sikukitarajia: "Barua imekuja. Hatakuja Idi."

Barua ile niliipata asubuhi ya siku ile ile ya kaimati. Niliisoma, nikaikunja, nikaenda kuchambua mchele, nikidhani yameisha.

"Nani hatakuja?"

"Baba yake huyu mtoto." Nikalia kwa kwikwi.

Akaingia, akakaa mkekani, akanivuta kwake. Nilipotulia akacheka. "Ebo! Kwani huko Maskati nimemshika mimi? Kalamu unayo. Mnunie mwenyewe."

Kabla ya magharibi nikaketi na karatasi. Nikaandika: Nimekasirika nawe. Nikausoma mstari ule, nikaona si kweli, au si kweli yote. Nikaukata. Chini yake nikaandika: Naogopa hutarudi tena.