Pikipiki Iliyoyumba Jumapili Tu

Jamani, pikipiki yangu ilikuwa na tabia ya ajabu. Siku za kazi natoka Mazwi hadi Milepa na abiria, imetulia kabisa. Ikifika Jumapili, nikimpeleka mama mkwe kanisani Kasense, usukani unatetemeka kama una homa. Nikajiuliza, ni upepo? Ni ile barabara? Nikakagua matairi, nikabadilisha beringi. Wapi! Mwisho nikanunua stebilaiza, kile kifaa cha kutuliza usukani, nikakifunga mwenyewe na kutamba kijiweni.

Jumapili hiyo tukayumba vilevile mpaka mlangoni mwa kanisa, waumini wakitutazama. Nikapiga magoti kuichungulia stebilaiza.

“Wameniuzia feki hawa,” nikanung’unika.

Mama mkwe akashuka, akakaza kitenge chake.

“Baba, hicho chuma hakina kosa,” akasema, na sauti yake ni ya kwaya. “Najua unaniheshimu, hutaki mgongo wako unikaribie. Lakini tangu nyumbani kiti chote umeniachia mimi, wewe umekalia tenki la mafuta. Utaendeshaje hivyo? Rudi kwenye kiti, mimi siumi.”