Taarifa Ilikwenda Nairobi

Bahari ilikuwa imekwisha kula minazi ya mbele na kisima chetu kimeingia chumvi, ndipo walipokuja wataalamu na mashine yao. Kijiji chetu kiko kaskazini ya Mambrui, na nyumba ya mama ilikuwa ya mwisho kabla ya mchanga. Walisimika chuma majini, juu yake kisanduku cha kupima kina cha maji. Vipimo viliingia kwenye kanda, na mkuu wao akawa anaipeleka Malindi, kwenye kompyuta.

"Kompyuta ikishaizoea bahari hii, itatuambia mapema maji yatafika wapi," alimwambia mama baada ya kumwamkia shikamoo. Alikuwa mtu wa Pwani kama sisi. "Hayatakushtukiza, mama."

Mama alimwamini. Kila mkuu akija, mama alimpikia wali wa nazi, nami akanituma nikakipanguse kisanduku chumvi, maji yakishakupwa. Nilikuwa nimemaliza shule, sina kazi. Nikajiona na mimi ni mtu wa kompyuta.

Bamvua kubwa, maji kujaa kupita kiasi, lilikuja asubuhi, mama anachagua mchele. Maji yaliingia kwa mlango wa uani, tusikoyatazamia kabisa. Nilimshika mkono nikamvuta. Akataka kurudi kuchukua msahafu wa marehemu baba, nikamzuia, tukasikia ukuta unaanguka nyuma yetu.

Mkuu alifika maji yalipotulia. Alikwenda kwanza kukagua chuma chake, akarudi uso umemng'aa.

"Mashine haikukosea hata kidogo! Kompyuta ilisema maji yatafika hapa, na yamefika."

"Ilisema lini?" nikamuuliza.

Akababaika. "Wiki iliyopita. Taarifa tuliipeleka Nairobi."

Mama alikuwa amechutama, anafukua sufuria mchangani. Hakuinua uso.

"Nairobi nako kuna bahari, mwanangu?"

 Kutoka Malindi hadi kwetu ni mwendo mfupi wa gari, na gari alikuwa nalo.

Tulihamia Tezo, mbali na ufuo, kwa mjomba. Mama, aliyezaliwa akisikia mawimbi, alianza kujifunza jembe uzeeni. Siku moja redio ikaisifu kazi ya wale wataalamu, eti imewaokoa watu wa mwambao. Dirishani nilimwona mama ameinama kwenye mihogo, kitambaa cha kichwani kimelowa jasho. Nikaizima kabla hajasikia.