Zamu Yangu ya Hita

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka, hata nikiwa peke yangu jikoni hapa Lewisham, najikuta nimejifunika uso kwa kanga. Lo! Miaka yote hii na aibu bado mbichi. Sijamsimulia mtu. Wewe nakusimulia kwa sababu ya Jumamosi iliyopita.

Kabla ya kuja Uingereza nilifanya kazi Kanada, kutunza wazee katika kijiji kidogo cha wakulima wa ngano. Kidogo kweli: posta, duka moja, uwanja wa kuteleza kwenye barafu, na ukumbi wa mbao. Usidhani serikali ilileta mtu wa kuuangalia ukumbi ule. Wenyewe walipeana zamu, orodha ikabandikwa posta. Mwenye zamu alikaa na ufunguo wiki nzima, na kila asubuhi alikwenda kuhakikisha hita inawaka, maana baridi ya kule ikiingia ndani, mabomba hupasuka.

Jina langu liliandikwa na jirani yangu, Bi Edna, yule aliyenivisha koti siku niliyofika nikitetemeka na kisweta changu cha Nairobi. Nilifurahi kuandikwa. Lakini moyoni nikajiambia, mimi ni mgeni bwana, wenye kwao watafanya.

Wiki ya zamu yangu, mume wa Bi Edna akafariki. Mazishi yalipangwa Jumamosi, na chakula cha waombolezaji kiliwe ukumbini. Na mimi je? Alhamisi nilipanda gari la rafiki yangu kwenda mjini kusukwa, eti nisiende mazishini na kichwa timtim. Nikalala huko huko, na ufunguo ulikuwa mkobani mwangu.

Ijumaa, kichwa kikiwa mikononi mwa msusi, Bi Edna akapiga simu.

"Samahani kukusumbua. Hita inawaka?"

"Inawaka, mama. Ndiyo kwanza natoka huko."

Unajua tulivyo. Mtu yuko kitandani anakwambia yuko steji anangoja basi. Sisi kwa sisi tunacheka, tunajuana. Bi Edna hakutujua hivyo. Aliniamini, akanishukuru, akasema sasa atapumzika kidogo.

Jumamosi nilipofungua mlango, maji yalikuwa yameganda sakafuni, miguu ya viti imeshikwa na barafu. Hita ilikuwa imezimika. Hakuna aliyenifokea. Watu walirudi kwenye magari yao wakala humo, sahani mapajani. Na mjane, siku ya kumzika mumewe, akazunguka kwenye theluji gari hadi gari, akiwashukuru kwa kuja.

Aliponifikia nilitamani ardhi inimeze. Akanitazama kichwani.

"Nywele zimependeza," akasema, akaenda gari linalofuata.

Angenitukana, ningepona.

Wiki iliyofuata nilikwenda posta nikijua nimefutwa. Jina langu lilikuwepo, zamu ya mwezi ujao, kwa mwandiko wa Bi Edna. Nililia pale pale mbele ya mwenye posta. Tangu hapo sikukosa zamu hata moja. Lakini kumwambia, "Mama, nilikudanganya," sikuthubutu, mpaka alipofariki. Hilo ndilo linalonifunika uso.

Sasa, Jumamosi, kwenye matanga yetu pale ukumbi wa kanisa, zamu ya kukunja viti na kupiga deki ilikuwa yako. Nilikupigia. "Niko kwenye basi, Anti, dakika mbili tu." Mwanangu, nilisikia mashine ya kinyozi. Viti nilivikunja mimi na mama mfiwa mwenyewe, na kila mara alikuwa akichungulia mlangoni, akisema, "Si amesema yuko karibu?"

Sikugombezi. Uso wa kukugombeza sina. Nakwambia tu: watu wakikuandika jina, wameshakuona ni wao, ugeni umekwisha. Ukiwa kwa kinyozi, sema niko kwa kinyozi, mwingine ataikimbilia kazi. Na ukishadanganya, nenda ukaseme kwa mdomo wako, mwenyewe angali hai. Mama yule anakaa Catford, basi moja tu. Nenda leo.

Jumamosi ijayo nimekuandika tena. Mungu akulinde, akupe ulimi usiotangulia miguu yako, na asikunyime watu wa kuliandika jina lako. Amina.