Mwaka Koko Alipovaa Uso wa Mgombea

Juma lililopita nilikuwa nimepiga magoti napangusa sakafu, maana hapa Goma vumbi jeusi la volkano linaingia hata ufunge madirisha yote. Nikakunjua kitambaa nikikamue, jicho likanitazama. Jicho moja la mwanaume lililochapwa kwenye kitambaa, nusu ya nyusi, na kipande cha miwani. Nilibaki palepale sakafuni na ndoo yangu, rafiki yangu, nikacheka cheko la uchungu. Yule bwana, mgombea wa kampeni za zamani, alituahidi amani, barabara na maji ya bomba. Maji bado tunayafuata na bidoni za plastiki, lakini angalau yeye mwenyewe ananisaidia kupangusa.

Kitambaa hicho ni mabaki ya gauni la koko. Koko ndivyo tunavyomwita bibi huku kwetu, na huyu wangu ndiye aliyenilea, pale Katindo, katika nyumba ya mbao iliyosimama juu ya mawe ya volkano. Sijawahi kumsimulia mtu habari ya gauni lile. Wewe nitakusimulia, kwa sababu nimechoka kuibeba peke yangu.

Asubuhi zetu zilianza na filimbi za wanajeshi kutoka kambini, kisha chikudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, zikishuka na magunia ya makaa, magurudumu yake ya mti yakigonga mawe hadi kikombe kikatetemeka mezani. Mama mmoja alipita na beseni kichwani akitoka Kituku, akiita sambaza, samaki wadogo wa ziwani, na koko alinunua mafungu mawili, akazikaanga mpaka zikawa kavu za kutafuna na vichwa vyake. Kazi yangu ilikuwa kuchambua maharage, kuteka maji, na kutunga uzi kwenye sindano kwa jirani yetu.

Jirani huyo alikuwa mshonaji, sisi watoto tulimwita Mama Mashini. Mashini yake ya kushona ilikuwa ya miguu, nyeusi, imefutika maandishi, na alikaa nayo barazani tangu asubuhi. Kati ya ua wetu na wake kulikuwa na ukuta wa mawe ya volkano uliopangwa bila simenti, na mahali pamoja mawe yalitolewa ili mtu apite na sufuria bila kuzunguka barabarani. Koko alitoka Rutshuru, akisali kwa Kinyarwanda na kukasirika kwa Kinyarwanda. Mama Mashini alitoka Butembo, akihesabu vipimo vyake kwa Kinande. Wakikutana walisema Kiswahili, na jioni tulikula bugali na sombe ya majani ya muhogo katika sinia moja. Kila mwaka walinunua pamoja kitenge kimoja kizima, wakakikata nusu kwa nusu, na Jumapili wakaenda misa wamevaa sare. Watu wakiuliza kama ni ndugu, koko alijibu, "Mama moja, baba mbalimbali," na Mama Mashini alimpiga kofi la bega.

Kampeni ya kwanza ninayoikumbuka, nilikuwa na miaka sita hivi. Mgombea alikuja kwa ndege, na mji mzima ulikwenda kumpokea. Nisikudanganye, ilikuwa furaha ya kweli. Watu walikuwa wamezika sana, wakimbizi walikuwa wamejaa kambi ya Mugunga, na huyu mtu alisema yeye ni mtoto wetu na vita imekwisha. Mama Mashini alishona bendera ndogondogo siku nne bila kumwomba mtu malipo. Wanawake walitandika vitenge vyao barabarani ili gari lake lipite juu, kama inavyofanywa kwetu kwa mtu mkubwa, na koko na Mama Mashini walitandika ile sare yao ya Jumapili, kipande kando ya kipande. Gari likapita. Walirudi nyumbani wamekauka koo, koko akiwa na kiatu kimoja, na kwa miezi miwili hawakuvifua vile vitenge. Mgeni akija, walimwonyesha alama ya tairi.

Yule mgombea alishinda. Vita ikarudi baada ya muda, ikaondoka, ikarudi tena. Koko alisema tumpe nafasi, kazi ni nyingi. Mama Mashini alisema nafasi alishapewa, na kwao njiani watu wanakatwa kama majani. Walibishana huku wakimenya ndizi, na ndizi zikiiva walikula.

Kampeni ya pili ilipokuja nilikuwa na miaka kumi, na kitu kilikuwa kimeharibika. Sasa walikuwa wagombea wawili wenye nguvu, na watu waliacha kuuliza nani atafanya nini. Waliuliza, "Uko wa nani?" Na hawakungoja jibu, walisikiliza tu namna unavyotamka salamu. Ukiwa wa Rutshuru, basi wewe ni wa huyu. Ukiwa wa Butembo, basi ni wa yule. Mimi mpaka mwaka ule nilijua kwamba koko ana lugha yake ya kusali na jirani ana lugha yake ya kuhesabu. Kumbe zilikuwa pande mbili. Shuleni tulianza kukaa kwenye benchi kwa kufuata pande hizo, na mwalimu wetu wa darasa la nne hakutukataza, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa mkubwa wa kampeni katika avenyu yetu. Alifundisha hesabu amevaa triko, fulana yenye picha ya mgombea wake, ndiye yule wa zamani, wa koko.

Mama Mashini alitundika kalenda ya mgombea mwingine juu ya mashini. Alikuwa na haki. Koko aliitazama akasema, "Dada, huyu wako ana shavu la mutu anakulaka peke yake." Mama Mashini akajibu, "Na wako alishakula ya wote." Wakacheka bado. Nakuomba ukumbuke kwamba walikuwa bado wanacheka.

Kisha mwalimu akagawa vitenge. Kila mama wa upande wetu alipewa kipande chenye sura ya mgombea ndani ya duara, kubwa kama sahani. Sasa mshonaji yeyote wa kwetu atakuambia sheria ya kitenge chenye sura, iwe ya askofu au ya rais. Unaanza na sura. Unaiweka kifuani na mgongoni, usipitishe mshono usoni, na kamwe isishuke mahali pa kukalia. Kwa hiyo kitambaa kingi kinapotea, na kipande cha mwalimu kilikuwa kifupi. Koko akakipeleka kwa rafiki yake, mimi nikiwa pale natunga uzi.

"Ukikata vizuri, mutoto naye anapata gauni," koko akasema.

Mama Mashini alikipima mara mbili. "Haitoshi, dada. Nikitoa ya mutoto, kichwa kitaangukia pa kukalia."

"Kata tu. Nani ataangalia matako ya muzee kama miye?"

"Batu bataongea."

"Nimekuambia kata."

Akakata. Nilipata gauni langu, la mikono mifupi, lenye nusu ya duara begani, na nilifurahi mpaka nikalala nalo. Sikuwa na nguo nyingine mpya mwaka ule.

Siku ya mkutano wa kampeni koko alivaa lake akaenda uwanjani na wamama wengine. Mimi nilibaki nyumbani na maharage. Aliyoyakuta huko niliyasikia baadaye, maana mtaa mzima ulisimulia. Alipokaa kwenye benchi hakuna aliyeona kitu. Aliposimama kucheza, vijana waliokuwa nyuma wakaona sura ya mgombea inacheza kwenye makalio ya koko, na mmoja, wa ule upande mwingine, akapaza sauti kwamba mama amemkalia rais wake tangu asubuhi. Uwanja ukacheka. Wakubwa waliotoka Kinshasa walikuwa jukwaani, wakauliza wanachekea nini, na mwalimu akawa hana pa kuficha uso.

Hakuuliza nani alishona. Nani asiyejua. Alitoka uwanjani moja kwa moja na vijana wake saba au wanane, koko akiwafuata nyuma akikimbia, na walipofika kwa jirani wakaiona ile kalenda juu ya mashini. Kwao ikawa wazi. Mama huyu ni wa upande ule, amemtukana mgombea wetu kwa makusudi kwa mkasi wake.

Mama Mashini alisimama barazani, utepe wa kupimia shingoni. Hakujitetea. Alimtazama koko tu, akingoja, kwa sababu neno moja la koko lilitosha. Mwalimu naye akageuka. "Mama, wewe ndiye ulimwambia ashone hivi?"

Mimi nilikuwa nimesimama kwenye ule uwazi wa ukuta, nimevaa gauni langu. Koko akaniona. Aliona gauni, akaona kwamba mtu yeyote akinitazama atajua kitambaa kilikwenda wapi na kwa ajili ya nani. Akanionyesha nyumba kwa kidevu. "Wewe, ingia ndani." Nikaingia. Nikakaa kitandani, na kupitia mbao nikasikia sauti ya koko, ndogo, ambayo sikuijua.

"Miye namupatiaka tu kitambaa. Mambo ya kukata iko yake. Bale batu, siko najua roho yao."

Bale batu. Watu wale. Miaka mingapi ya sinia moja, akamweka katika watu wale kwa pumzi moja. Halafu nikasikia chuma cha mashini kikipigwa juu ya mawe, mara nyingi, na vijana wakiimba jina la mgombea huku wakifanya kazi hiyo. Sikutoka. Ningeweza kutoka na gauni langu nikasimama katikati yao, nisingehitaji hata kufungua kinywa. Nilikuwa na miaka kumi, wataniambia wewe ulikuwa mtoto. Mtoto ndiyo, lakini nilielewa yote, na nilichoogopa ni kunyang'anywa gauni.

Koko alikuwa na hofu, najua. Angesema kweli, wangemwita msaliti, na msaliti katika msimu ule alichomewa nyumba. Nimemtafutia sababu hizo miaka yote. Zinatosha mchana, nikiwa na kazi.

Kesho yake alinituma na bakuli la maharage, lile zuri lenye kifuniko. Mama Mashini alilipokea, akaniambia asante, akalirudisha jioni. Koko alipofungua alikuta maharage yake yote, hayajaguswa. Juma lililofuata mawe ya ule uwazi yalikuwa yamepangwa upya kutoka upande wa pili. Kabla ya mvua kubwa Mama Mashini alipanda lori la Butembo na magodoro yake, na koko alitazama kupitia tundu la mlango, mkono mdomoni, hakutoka.

Sasa nikupe sehemu inayonichoma. Siku moja saa sita mchana, redio ikasema wale wawili wamepatana. Mgombea wetu na mgombea wao, serikali moja, wameshikana mikono, wamekula pamoja. Tunaambiwa tembo wakipigana nyasi ndizo huumia. Sisi tuliumizana wenyewe, rafiki yangu, tembo wakiwa mezani. Koko alizima redio akaendelea kupepeta mchele, na mchele ukamwagika chini wote.

Uchaguzi uliofuata mwalimu akaja tena na vitenge. Triko ilikuwa mpya, sura ilikuwa ya yule wa kalenda. Alisema sasa ndiyo njia ya mji wetu, eti waliokuwa upande ule walikuwa na akili kuliko sisi. Koko alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akamuuliza, "Na mashini ya yule mama, mwalimu?"

Mwalimu akacheka kwa wema kabisa. "Aa, mama. Ile ilikuwa politike tu."

Koko hakuchukua kitenge. Hakupiga kura tena maishani, ingawa alijiandikisha kila mara, kwa kuwa kadi ya kura ndiyo kitambulisho chetu na bila kadi askari wanakusumbua njiani. Alisema atakwenda Butembo kuomba msamaha kwa magoti. Mwaka huu barabara imefungwa, mwaka ule wanateka magari, mwaka mwingine miguu inauma. Simu aliiogopa. Alisema neno kama lile haliondolewi na simu. Akafa hajaenda.

Leo mji una wakubwa wengine, walioingia na bunduki, na sisi tumejifunza kusema polepole. Lakini baada ya kuliona lile jicho sikulala vizuri, nikaitafuta namba ya Mama Mashini kwa mjukuu wake anayeuza unga sokoni, nikapiga. Sauti ilikuwa ya mzee, lakini nilimtambua. Nikasema mimi ni nani, akakumbuka, akataja hata vidole vyangu vidogo vya kutunga uzi. Ndipo nikamwambia yote. Kwamba nilikuwapo wakati anakata. Kwamba alikataa na koko akalazimisha. Kwamba siku ile nilikuwa ndani, nimevaa lile gauni, na sikutoka.

Nilisikia kuku upande wake.

"Alikufa mubaya?" akauliza.

"Hapana mama. Alilala tu."

"Mungu amupokee."

Nikamwambia pole, kwa niaba ya koko na kwa niaba yangu. Hakusema amesamehe, hakusema hapana. Nilikuwa nimebana simu sikioni mpaka inauma. Ajabu, nilichongoja ni aniulize kama nimekula, kwa sababu katika mtaa wetu wa zamani, mimi ningeingia kwake nimechanika nguo, nimelia, nimechelewa, hilo ndilo lilikuwa swali lake la kwanza. Badala yake akashusha sauti, kama mtu anayetazama kwanza mlangoni.

"Na wewe sasa, uko wa nani?"

Nilimwelewa. Nikatafuta jibu lisilokuwa na upande, na nililolipata lilikuwa la kweli, naapa.

"Miye niko mutoto wenu, mama."

"Hata bale ba kampeni banasemaka vile," akasema.