Namna Papa Alivyotufundisha Kungoja

Siku sita za juma Papa alikuwa seremala. Siku ya saba aliwafundisha wanafunzi wa ubatizo katika kanisa letu dogo la komini ya Tshopo, mtaa wa hapa Kisangani. Somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa la siku za mwisho. Mama alimpa shuka jeupe la kitandani, naye akachora juu yake kwa rangi ya kupakia mbao: dunia hii, kanisa likinyakuliwa mawinguni, kisha dhiki kuu na farasi wake, na mwisho kabisa kiti cha hukumu. Alilitundika ukutani, akatuonyesha kwa fito.

"Dhiki iko ya wale," alisema, fito ikiwa juu ya farasi. "Sisi hatutaionja. Tutakuwa tumekwisha kwenda."

Uhuru ulipokuja nilikuwa na miaka kumi. Wazungu wengi walifunga maduka yao wakaondoka, chumvi ikawa ya kutafutwa, na kila redio ilikuwa na habari mbaya. Somo la Papa likajaa watu mpaka nje ya mlango. Hakuwa mwongo. Aliamini kila alama aliyoichora.

Aliyemwamini kuliko sisi sote alikuwa kaka yangu mkubwa, ambaye nilimwita yaya. Alikuwa amemaliza mwaka wa kwanza katika shule ya wauguzi. Siku moja, tukila lituma, ndizi za kupondwa, na samaki, akasema hatarudi shule.

"Papa, shule imebaki miaka miwili. Bwana iko karibu. Nitajifunza kufunga vidonda vya nani?"

Mama alimgeukia Papa, akingoja amkatalie.

"Bon, sawa," alisema Papa. "Kama Roho amekusukuma, mimi nani nikuzuie?"

Nilimwona usoni. Alikuwa amefurahi.

Basi yaya akawa anazunguka sokoni na kando ya mto akihubiri. Msichana wa Yanonge aliyekuwa amemposa alimngoja, akachoka, akaolewa kwingine. Papa naye akaacha kuziba paa lililokuwa likivuja juu ya kitanda cha Mama. Alisema litatosha kwa siku zilizobaki. Mama alisogeza kitanda.

Miaka minne baada ya uhuru, waasi walioitwa Simba waliingia mjini. Wengine walishangilia siku ile, hata mtaani kwetu. Kisha watu wakaanza kuitwa na kutorudi: karani aliyekaa nyumba ya tatu, mwalimu wangu wa hesabu, mume wa mwimbaji wetu wa kanisani. Jumapili moja mwimbaji yule alisimama katikati ya somo.

"Mwalimu, hii iko dhiki, ama si dhiki? Ulisema tutakuwa tumekwisha kwenda. Mbona tungali hapa?"

Papa alishika fito, lakini hakuiinua. Alisema tuombe. Mwanamke yule hakurudi tena kanisani.

Askari wa serikali walipoutwaa mji, risasi zililia siku nyingi na hakuna aliyethubutu kuvuka barabara. Katika siku hizo Mama alishikwa na uchungu wa kuzaa. Zahanati ilikuwa imefungwa, muuguzi wake amekimbilia msituni. Jirani yetu, mama mzee Mwislamu, alipita katika ua wa nyuma akiwa ameinama, akaja kumzalisha. Mtoto alitoka mchana, msichana, akalia vizuri. Tukacheka kwa furaha.

Lakini damu haikukoma. Mama mzee alifanya yote aliyoyajua, kisha akamwita yaya.

"Njoo wewe! Si ulisoma mambo haya?"

Yaya alipiga magoti. Alikandamiza tumbo hapa, akaacha, akakandamiza pale. "Hili tulikuwa tulisome mwaka wa pili," alisema. "Mama, tulikuwa tulisome mwaka wa pili."

Mama alinyoosha mkono akamgusa shavu. Hakufika jioni.

Tulimzika uani, kwa sababu makaburini hapakufikika. Papa alichonga jeneza kwa mbao za meza yake ya kazi. Tulipokwisha kufukia, yaya akamwambia, bila kupaza sauti, "Papa, ulinifundisha kungoja. Kwa nini hukunifundisha kitu cha kufanya nikingoja?"

Njia zilipofunguka, yaya alivuka mto akashika reli kuelekea Ubundu. Hakuniaga hata mimi.

Kwa miezi mingi Papa hakufundisha. Mama mzee alimpata mwanamke wa kumnyonyesha mdogo wangu, na Papa aliketi tu akimtazama mtoto. Kisha Jumapili moja akasimama mbele ya watu tisa waliobaki.

"Nilikosa," alisema. "Bwana anakuja, hilo sikanushi. Lakini niliwafundisha kama watu walioketi stesheni, mizigo magotini. Yeye alituachia nyumba yenye watu ndani yake, tuwalishe mpaka arudi. Akija atauliza habari za hao." Akaketi kwenye benchi pamoja nasi.

Tangu siku hiyo kila mwanafunzi wa ubatizo aliulizwa swali moja: nani atapona, au kula, au kusoma, kwa sababu wewe unamngoja Bwana? Asiyekuwa na jibu alisubiri mwaka mwingine. Mimi nilijibu kwa kuingia shule ya wakunga. Nimeona waumini wengi tangu hapo, na naamini hili: anachotazamia mtu mwishoni ndicho kinachoamua atafanya nini Jumatatu.

Papa alituma barua Ubundu kwa kila dereva na kila mfanyakazi wa reli, akimwomba yaya msamaha. Hazikujibiwa. Nilipopata diploma nilikwenda mwenyewe. Mwanamke muuza samaki alimkumbuka: kijana mwembamba wa Kisangani, aliyesafisha vidonda vya watu waliotoka msituni, kwa maji ya moto na chumvi, hakuwa na kingine. Alishikwa na homa akafa, mwaka ule ule aliotuacha. Barua zote zilikuwa zimemkosa.

Nilirudi nikamweleza Papa yote. Alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Alikuwa bado anamwomba Bwana?" aliniuliza.

"Sijui, Papa. Yule mama hakujua."

Aliniuliza tena kesho yake, na tena mwaka wa kufa kwake. Nilimjibu vilevile kila mara, kwa kuwa sikuweza kumdanganya.