Majivu Meupe ya Hasina

Mfuniko wa tanuri unafunguliwa, na Hasina Kombo anageuza uso pembeni. "Angalia wewe, Alexander," anamwambia fundi mkuu. "Mimi leo moyo wangu mdogo."

Ni asubuhi, katika karakana ndogo ya Makorora, jijini Tanga. Hapa pumba za mpunga zinazotupwa mashineni huchomwa ili kupata silika, unga mweupe unaotiwa kwenye rangi na mpira.

Kazi ya Hasina, mjane wa miaka hamsini na mbili, huja kabla ya moto. Huzichemsha pumba katika maji yenye tindikali laini, kama ya ndimu, kisha huzisuuza mpaka uchachu uishe. Zisipooshwa hivyo, majivu hutoka ya kijivu.

Wiki iliyopita yalitoka ya kijivu. Bomba lilikuwa kavu, naye akasuuzia maji ya kisima, ambayo mtaa huu yana chumvi. "Ndiyo tunayoogea, ndiyo tunayofulia. Sikuyadhania ubaya," anasema.

Kumbe chumvi iliingia kwenye pumba. Mnunuzi akaukataa mzigo, akataka sampuli moja ya mwisho. Nayo ikiharibika, karakana ingefungwa, na Hasina hana kazi nyingine.

Alexander hakumgombeza. Alimvutia kiti, akammiminia chai. "Mama, tatizo ni maji tu. Tutaosha upya."

Maji yenyewe yangetoka wapi? Ndipo jirani wa Hasina, Benedikta, alipoingia na ndoo kichwani. Yalikuwa maji ya mvua, aliyoyakinga kwa ajili ya kipaimara cha mjukuu wake.

"We Benedikta," Hasina akamwuliza, "wageni wako watakunywa nini?"

"Watakunywa soda. Nitue bwana, shingo inaniuma!"

Akaenda na kurudi mpaka pipa lake likabaki tupu.

Sasa Alexander anainama tanurini. "Mama, geuka."

Majivu ni meupe kama unga wa muhogo. Hasina anakaa chini palepale, upindo wa kanga mdomoni, anacheka huku machozi yanamtoka. "Alhamdulillahi."

Sampuli inapelekwa mbio, na kabla ya adhuhuri mnunuzi anapiga simu: leteni mzigo.

Hasina anataka karakana iweke mfereji wa bati na tangi la kukingia maji kabla ya mvua za vuli. "Likijaa, ndoo ya kwanza ya Benedikta." Na Jumapili, pilau la kipaimara atapika yeye.

"Kwa maji gani?" Benedikta anauliza kutoka uani kwake.

"Ya kisima, shoga. Chumvi sinunui!"