Maji ya Korongo

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, someni polepole. Najua mtasomea kwenye simu, na kidole chenu hakitulii. Kitulizeni. Shule yangu iliishia darasa la tatu, kwa hivyo mkikuta neno limekaa vibaya, liwekeni sawa mwendelee.

Iko siku moja ya ujana wangu ambayo hainitoki kichwani, na juzi ilinirudia kwa sababu ya mjukuu wangu Wambui. Mimi hukaa kwake tangu ziwa lilipochukua nyumba yangu. Nilimkuta akipanga nguo kwenye begi, mtoto wake amelala hapo kando.

"Unaenda wapi?"

"Nakuru, kwa mama. Shosho, nimechoka. Kamau haniongeleshi. Namtumia meseji ndefu, anajibu 'sawa'. Mtu gani anajibu 'sawa' kila siku?"

Kamau ni mume wake. Huendesha lori la mbao kutoka Elburgon, na huja nyumbani Jumamosi.

"Amekupiga?" nikamuuliza. Maana angesema ndiyo, ningembebea hilo begi mimi mwenyewe mpaka stegi ya matatu.

"Hapana."

"Ana mwingine?"

"Atampata wapi, na hajui kuongea?"

Nikaketi kitandani, nikamwambia haya ninayowaambia nyinyi.

Mwanangu, mimi nilizaliwa huko huko Elburgon. Baba alipasua mbao kiwandani, na nyumba yetu ilinukia mtarakwa mpaka kwenye blanketi. Nikaolewa hapa Kamere, kando ya ziwa Naivasha, na mvuvi. Nilichukia kila kitu. Joto, mbu, viboko wakikoroma nyuma ya jikoni. Na mume asiyesema. Alirudi na nyavu zake, akala, akasema asante, akalala. Kwetu watu waliongea mpaka moto unazimika. Nilikuwa navuta shuka mpaka puani nikitafuta harufu ya nyumbani, nisiipate.

Basi akatoka siku moja bila kusema anaenda wapi, na hakurudi kulala. Kulipokucha nikafunga nguo zangu kwenye leso. Mama yake, mwanamke mkavu kuliko mimi, akaniona.

"Utaenda," akasema. "Lakini paa lako linavuja, na katika boma hili mke hukata mwenyewe mafunjo ya paa lake. Usituachie tundu. Kata kwanza."

Tukaingia kwenye mafunjo na panga zetu. Pale ukingoni palikuwa na mgunga mrefu, na juu yake kiota kipana kama kitanda. Cha korongo. Si yule mwenye upara anayezungukia jalala la Nakuru, huyo mnamjua. Huyu ni mwingine, mrefu karibu kunifika begani, mweupe na mweusi, mdomo mwekundu wenye mkanda mweusi katikati, na juu yake kitu cha manjano kama tandiko la punda. Mwenye jicho la manjano ndiye mama. Baba jicho lake ni jeusi.

Nikamwona baba peke yake, mbali huko majini, akitembea kama mtu anayeogopa kulowesha suruali. Akadunga samaki, akamwosha, akammeza, akanywa maji juu yake. Mke wake amebaki kiotani, jua kali, amewafunulia watoto bawa. Hawaitani. Ndege hawa hawana wimbo. Labda kugonga midomo kidogo kiotani, basi.

"Hata hao," nikasema, "mume amemwacha mwenzake kwenye jua."

"Kata mafunjo," akasema mama mkwe. "Na uangalie."

Nikakata. Jua likapanda. Yule baba akaruka, akatua kiotani, akainamisha mdomo, na maji yakamwagika juu ya watoto. Niliyaona yaking'aa. Akarudi ziwani, akaja tena na mengine. Hakuna aliyemwita.

Mama mkwe akapangusa panga kwenye nguo yake. "Wewe masikio yako yamefanya kazi mpaka yamechoka. Macho umeyaweka wapi?"

Nikaendelea kukata. Nilikuwa nimekasirika, na mafunjo hayajatosha.

Tuliporudi mume wangu alikuwa mlangoni, vumbi mpaka kwenye kope, gunia miguuni. Nikalifungua. Maranda ya mtarakwa. Alikuwa amedandia lori mpaka Elburgon, akaomba pale alipofanya kazi baba yangu.

"Nilikuona ukinusa shuka," akasema.

Tulishona mto, tukaujaza maranda yale. Niliulalia mpaka harufu ikaisha, naye akaleta mengine, na mengine, miaka yote aliyokuwa na nguvu.

Sasa hayupo. Tulimzika nyuma ya jikoni, na ziwa likapanda likafunika jikoni na yeye. Migunga imesimama majini, mikavu, myeupe. Korongo hao siku hizi ni wa kubahatisha. Asubuhi moja nilimwona mmoja, jicho la manjano, amesimama karibu na pale ninapodhani palikuwa mlango wangu. Nikamtafuta mwenzake mpaka jua likanitoa machozi. Sikumwona. Lakini wao hulishia mbali mbali, nikajiambia, na nikapanda nyumbani nikiwa nimeamua kwamba yuko.

Wambui hakufungua begi, wala hakuondoka. Aliliweka mlangoni. Jumamosi Kamau akaja, akaliona. Wambui akampa kikombe cha maji bila neno. Akanywa yote.

"Mnaenda wapi?"

"Nilikuwa naenda kwa mama."

Akazungusha kile kikombe mkononi. "Ningekuja."

"Ungekuja lini?"

"Leo leo. Lori lina mafuta." Akaweka kikombe chini, akaongeza, "Zile meseji zako huwa nasoma usiku nikiegesha. Zote. Sijui tu nijibu nini."

Wambui akageuka upande wa jiko, lakini nilimwona akipangusa macho. Kamau nikamwambia, "Korongo hana sauti. Wewe Mungu alikupa. Itumie."

Basi, wanangu, wa kukupiga mwache, hilo halina mjadala. Lakini huyu wa kimya mwangalie mikono kabla hujafunga begi, uone inabeba nini ikielekea kwako. Nawe mwenye mikono mizuri, fungua mdomo kidogo, kwa maana mwenzako hataishi milele akingoja. Mungu awape wa kuwaona mkinusa shuka. Awape na miaka ya kutosha pamoja, mingi kuliko niliyopata mimi.

Na nyumba hii nimeiamuru hivi: anayeingia kutoka kazini apewe maji, aachwe anywe mpaka amalize, ndipo aulizwe alikuwa wapi. Na akiulizwa, ajibu.